Kondoo Hatembei: Kutafuta na Kupakua Programu za Mapambo za Kompyuta za Zamani

Ami yangu wa Chake Chake alinipigia simu usiku mmoja baada ya Isha. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaingia kwenye shida yake moja kwa moja: “Mwanangu, yule kondoo nimempata, lakini hatembei.”

Anayemsema ni kondoo mweupe mdogo, kiasi cha ukucha wa kidole gumba, aliyekuwa akizurura kwenye skrini ya kompyuta yake ya Windows 98. Asili yake ni Japani, katikati ya miaka ya 1990. Hupanda juu ya dirisha ulilolifungua, hutembea ukingoni, huanguka, husinzia, huamka akaendelea na safari. Kazi nyingine hana. Wanawe ami walijifunza kushika kipanya kwa kumkamata kondoo huyo na kumwachia aporomoke. Diski kuu ilipokufa, kondoo akaenda nayo.

Simu za namna hii napokea nyingi. Nyumba kadhaa ninazoitwa hapa Ng'ambo, mjini Unguja, na kule Pemba bado zina mashine ya zamani iliyokuja na jamaa kutoka Dubai au Maskati, imefunikwa kitambaa, inawaka vizuri. Mwenyewe hataki barua pepe wala benki. Anamtaka paka wake, kondoo wake, au zile tosta zenye mbawa zilizokuwa zikiruka skrini ikipumzika. Naona ni haki yake, na ndiyo maana nayaandika haya kwa urefu.

Jambo moja nalisisitiza kabla ya dalili zenyewe. Mara nyingi mashine ni nzima na faili ni zima, ila havikuzaliwa zama moja. Kwa hiyo usianze kuuliza kompyuta ina nini. Uliza kwanza faili hili liliandikiwa mashine gani.

Natafuta, napata picha za paka tu

Sababu ni maneno unayotafutia. Zama za DOS, mfumo uliotangulia Windows, na za Windows 3.1, jina la faili halikuzidi herufi nane, kisha nukta, kisha herufi tatu, na watu walizijua programu kwa majina hayo mafupi. Paka anayekimbiza kishale cha kipanya na kulala akikifikia anaitwa Neko, yaani paka kwa Kijapani. Kenji Gotoh alimtengenezea Macintosh toleo lake mwaka 1989, wengine wakamhamishia kwenye mifumo mingine. Andika neko.zip. Kondoo mtafute kwa esheep au scmpoo. Yule mtu aliyekwama kwenye kijisiwa chenye mnazi mmoja ni Johnny Castaway, iliyotolewa na Sierra mwaka 1992, na faili lake linaitwa SCRANTIC. Tosta zenye mbawa zimo ndani ya After Dark ya Berkeley Systems.

Pa kutafutia, mimi huanza na Internet Archive, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1996. Humo mna nakala za CD zilizokuwa zikitolewa pamoja na majarida ya kompyuta, zimejaa programu za bure na za majaribio. Hapa ndipo watu wanapoteketeza bando. CD moja ni kama megabaiti 650, na paka unayemtaka ana makumi ya kilobaiti tu. Usipakue CD nzima. Kwenye orodha ya mafaili, pembeni ya faili la ISO (CD nzima ndani ya faili moja) au la zipu, mara nyingi kuna kiungo cha kuonyesha yaliyomo. Kifungue, utafute jina ndani yake, uchukue hilo moja tu. Kwa anayenunua bando la siku, tofauti hii ndiyo inayoamua kama atapata au atakosa.

Ikiwa una README ya zamani, yaani faili la maelezo lililokuja na programu, yenye anwani ya mwandishi, iweke kwenye Wayback Machine, chombo cha Internet Archive kinachoonyesha kurasa zilivyokuwa miaka iliyopita. Nyingi ya anwani hizo zilikuwa GeoCities, huduma ya kurasa za watu binafsi iliyofungwa Oktoba 2009. Ukurasa wenyewe utauona mara nyingi, faili la zipu si kila mara. Lakini hata ukurasa mtupu hukupa jina kamili la faili, na ukishalijua jina unarudi kwenye CD.

Kompyuta ya zamani haifungui tovuti yoyote

Usipigane nayo. Tovuti za leo zinataka mawasiliano yafichwe kwa mtindo mpya, TLS 1.2 au zaidi, na kivinjari kilichokuja na Windows 98 au XP hakina. Tarehe ya mashine ikiwa imerudi nyuma miaka ishirini, hata kivinjari kipya kidogo kitakataa, kwa kuwa vyeti vya tovuti vinaonekana bado havijaanza kutumika. Pakua kwa simu au laptopu ya sasa, kisha uhamishe.

Kuhamisha nako kuna mitego. XP inasoma flashi bila taabu ikiwa imeformatiwa FAT32. Flashi kubwa za siku hizi, za GB 64 na kuendelea, huja na exFAT, mpangilio mpya zaidi wa kuhifadhi mafaili. Mashine ya zamani hushindwa kuisoma na kukuomba uiformati. Kataa, ichomoe, uirekebishe kwenye mashine mpya baada ya kutoa vilivyomo. Windows 98, hata toleo la pili, haitambui flashi mpaka uiwekee draiva, na draiva yenyewe iko mtandaoni, kwa hiyo umerudi pale pale. Njia iliyonyooka ni kuchoma CD-R. Ami nilimpelekea hivyo: CD moja ndani ya bahasha, binamu akapanda nayo boti Malindi hapa Unguja, akashuka Mkoani, jioni ikawa Chake.

Faili nililopakua ni kubwa kuliko nilivyotarajia, au kizuia virusi kinapiga kelele

Hapa uwe mkali. Ukitafuta paka wa kilobaiti 40 ukapewa “kisakinishi” cha megabaiti tatu, huyo si paka. Vitufe vikubwa vya kijani vya kupakua, khasa vile viwili vitatu katika ukurasa mmoja, ni matangazo. Faili lenye herufi SCR mwishoni ni programu kamili kama EXE, si picha, na waandishi wa virusi wamejificha humo miaka mingi. Kwenye mashine mpya lipitishe kwenye huduma inayokagua faili kwa vizuia virusi vingi kwa pamoja, kisha soma jina la tuhuma. Neno “Joke” lina maana ya programu ya mzaha: inatikisa skrini au inageuza picha juu chini, na hilo ndilo ulilolifuata. Neno “Trojan” kutoka kwa wakaguzi wengi, lifute faili usilifungue.

Na si kila kilichokuwa maarufu kinafaa kurudishwa. Yule sokwe wa zambarau aliyekuwa akizungumza, BonziBuddy, kampuni yake ilitozwa dola 75,000 nchini Marekani mwaka 2004 kwa kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi. Nikiombwa sokwe huyo nasema hapana, na sababu naieleza.

Zipu inakataa kufunguka

Kama programu ya kufungulia inasema mwisho wa faili haupo, au hesabu ya CRC, inayokagua uzima wa faili, hailingani, upakuaji ulikatika njiani. Linganisha ukubwa kwa baiti, si kwa kilobaiti, kwa sababu kilobaiti zinazungushwa. Internet Archive huweka MD5 ya kila faili, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na yaliyomo. Kwenye Windows ya sasa andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha MD5, ulinganishe herufi kwa herufi.

Kama upakuaji ni mzima lakini bado halifunguki, angalia herufi tatu za mwisho. LZH ni mtindo uliopendwa Japani, na vitu vya Kijapani kama paka na kondoo ulivikuta humo; ARJ ni ndugu yake. 7-Zip inavifungua vyote viwili. SIT au HQX maana yake umechukua toleo la Macintosh, halitakufaa kwenye Windows hata ulifungue vipi. Rudi ukatafute jingine.

Nabofya mara mbili, Windows inasema haiwezekani

Hii ndiyo dalili ninayoiona kuliko zote, na ndiyo iliyomkuta ami. Kabla hujajaribu hila yoyote, lifungue faili la EXE ndani ya Notepad. Utaona takataka za alama, usishtuke. Usiandike chochote, na ukifunga usikubali kuhifadhi, kwa sababu Notepad ikihifadhi programu imekwisha.

Tazama herufi mbili za kwanza kabisa. Ni MZ, herufi za jina la Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft wa enzi za DOS. Kila EXE ya DOS na Windows imezibeba hadi leo. Baada ya hapo, katika mistari michache ya mwanzo, kuna sentensi moja ya Kiingereza inayosomeka katikati ya takataka. Ikiwa ni “This program requires Microsoft Windows”, kwa kawaida hiyo ni programu ya Windows ya biti 16, kizazi cha Windows 3.1. Ikiwa ni “This program cannot be run in DOS mode” au “must be run under Win32”, ni ya biti 32 au 64, vizazi vya baadaye. Teremka kidogo utafute herufi mbili zinazothibitisha: NE ni biti 16. PE ikifuatiwa na herufi L ni biti 32. PE ikifuatiwa na d ndogo ni biti 64. Ukikosa sentensi na herufi hizo zote, yumkini ni programu ya DOS tupu.

Mara ya kwanza kuyaona haya nilikaa nayo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Faili zima ni fumbo, lakini mlangoni mwake limeandika lilikotoka, na mtu yeyote anaweza kulisoma bila chombo cha fundi.

Sasa dawa. NE kwenye Windows 95, 98 au XP ya biti 32 itakwenda bila neno. NE kwenye Windows yoyote ya biti 64 haiendi, kwa kuwa Microsoft haikuweka humo sehemu ya kuendeshea programu za biti 16. Kubofya kulia na kuchagua “compatibility” hakusaidii kitu hapo, ingawa kila mtu hukushauri hivyo. Kwa mashine ya biti 64 tumia winevdm, ambayo pia huitwa otvdm, inayoziigizia programu za biti 16 mazingira yao; au weka Windows 3.1 ndani ya DOSBox, programu inayoigiza mashine ya DOS. PE yenye d kwenye mashine ya zamani haina dawa, tafuta toleo jingine. PE yenye L nayo si dhamana, maana biti 32 ziliendelea kuandikwa miaka mingi baada ya Windows 98 kuachwa.

Kwa ami ilikuwa hivi. Mjukuu wake alipakua kwa simu kondoo aliyeandikwa upya na wapenzi wake kwa ajili ya Windows 10. Sura ni ile ile, mwendo ni ule ule, ila ndani ni kitu cha karne nyingine. Nilimwambia kijana aliweke faili kwenye laptopu ya skuli yake, alifungue ndani ya Notepad, anisomee mistari ya juu kwa simu. Akanisomea sentensi ya DOS mode, akafika kwenye PE. Nikamuuliza faili lina ukubwa gani, akanitajia megabaiti. Kondoo wa asili hafiki hata moja. Basi shida ikawa imejulikana bila mimi kuvuka bahari, na nikamtafutia kondoo wa zamani zake kwa jina lile fupi.

Inasema imekosa DLL

DLL ni faili la msaada ambalo programu hulitegemea. Soma jina, lenyewe linakueleza. VBRUN300.DLL maana yake programu iliandikwa kwa Visual Basic 3, na mwandishi alitarajia faili hilo unalo tayari ili zipu yake iwe ndogo. MSVBVM60.DLL ni Visual Basic 6. MFC42.DLL ni ya Visual C++. CTL3D na BWCC ni za kupendezesha vitufe. Faili unalolikosa liweke folda moja na programu yenyewe, usikimbilie kulitupa ndani ya folda ya System, na usikubali kamwe kufuta jipya kwa la zamani. Mara nyingi utalikuta kwenye CD zile zile za majarida. Tovuti zinazouza DLL moja moja zipite mbali.

Ndugu ya kosa hili ni mtu kuchukua faili moja akaacha wenzake. Mtu wa kisiwani anahitaji RESOURCE.MAP na RESOURCE.001 pamoja na SCRANTIC. Faili la After Dark linaloishia na AD si programu, ni onyesho linalohitaji After Dark yenyewe iwe imesakinishwa. Pakua kifurushi chote, ukifungue chote, ndipo ubofye.

Inafunguka, ila haionekani, au inakwenda mbio kupita kiasi

Skrinseva isiyoonekana kwenye orodha ihamishie ndani ya folda ya Windows. Programu inayokataa rangi, punguza rangi za skrini hadi 256, kwa sababu nyingi za zama hizo ziliandikwa kwa idadi hiyo.

Vichekesho vya DOS vinavyokwenda kasi ya ajabu vilipima muda kwa mwendo wa kichakataji, na kichakataji chako ni kasi kuliko walivyowaza. Ujumbe “Runtime error 200” ni shina lile lile: programu iliyoandikwa kwa Turbo Pascal inapima kasi ya mashine mwanzoni, jibu linakuwa kubwa kuliko nafasi iliyotengwa, hesabu inavunjika. Hutokea kuanzia mashine za megahezi 200 hivi kwenda juu. DOSBox inamaliza yote mawili, unapunguza mizunguko mpaka mwendo uwe wa kawaida.

Ninayo kwenye flopi, ila flopi haisomeki

Kwa hewa yetu ya chumvi na unyevu, usiiingize flopi ya miaka ishirini bila kuitazama. Ielekeze kwenye mwanga, sogeza kile kifuniko cha bati kwa kidole, uzungushe kitovu cha chuma upande wa nyuma taratibu. Diski ya ndani iwe nyeusi au kahawia na ing'ae sawasawa. Ukiona madoa meupe kama unga, ni kuvu. Ukiiingiza hivyo kichwa cha kusomea kitachafuka, kitaikwaruza, na kitaambukiza flopi utakayoiingiza baadaye. Pamba nyororo na spiriti ya isopropili, futa kidogo kidogo huku unazungusha, acha ikauke kabisa.

Ikisomeka, usinakili faili moja moja. Toa picha ya diski nzima kwanza, yaani faili moja lenye nakala ya kila kilichomo, uifanyie kazi picha hiyo. Flopi ya megabaiti 1.44 hutoa picha ya baiti 1,474,560 kamili. Ikipungua hata baiti moja, usomaji haukukamilika. Flopi ambayo imesomeka vyema irudishe kwenye kasha na usiiguse tena.

Mtu wa kisiwani harudi siku yake

Kondoo alipoanza kutembea, ami akataka na Johnny. Nikampelekea, akafunguka mara ya kwanza, akavua samaki, akakimbia kimazoezi kuzunguka mnazi. Baada ya wiki ami akaniambia kwamba kila asubuhi anaanza upya, na kisiwa kiko kwenye mapambo ya mwaka mpya ilhali kwetu ni masika.

Programu hii hufuata kalenda ya mashine: hadithi husogea siku kwa siku, na sikukuu zina mapambo yake. Kalenda ikirudi kila umeme unapokatika, Johnny naye anarudi. Mashine nyingi za zamani betri ikifa huamkia tarehe 1 Januari, mara nyingi ya mwaka 1980, na hiyo ndiyo sikukuu aliyokuwa akiiona ami kila siku.

Betri ni ile bapa ya CR2032, inapatikana Darajani na kwenye duka lolote la saa. Zima, chomoa waya wa ukutani, gusa bati la kasha kwanza ili umeme tuli uondoke mwilini, kisha ibinye klipu ya pembeni. Betri itajiinua yenyewe. Mpya iweke upande wa jumlisha ukiangalia juu. Washa, ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, rekebisha tarehe na saa, hifadhi. Halafu zima tena, chomoa, subiri nusu saa, uwashe. Tarehe ikiwa imebaki, mfungue Johnny na umwache mpaka kesho.